Kifuu cha Nazi na Maji ya Rangi

Katika nyumba nyingi za miji yetu ya pwani, kutia rangi vitambaa vya batiki ni riziki ya halali inayolipa karo na kuinjika chungu. Lakini kazi ikiisha, beseni humwagwa. Rangi iliyobaki huteremka mferejini, na mara nyingine maji hayo huzama ardhini karibu na kisima cha jirani. Wiki hii tunapenda kuzungumza na familia kuhusu jambo hilo, kwa kuwa sehemu ya dawa yake imelala jaani: kifuu cha nazi.

Kifuu kikichomwa pasipo hewa ya kutosha hugeuka mkaa. Viwandani, mkaa huo hupitishiwa mvuke wa maji katika joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Mvuke huutafuna kwa ndani na kuacha vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hapo ndipo hupatikana mkaa amilifu, ambao gramu moja tu yaweza kuwa na kuta za ndani zenye eneo la zaidi ya mita za mraba 500, kuushinda uwanja wa mpira wa kikapu. Maji ya rangi yakipita humo, chembe za rangi hunata kwenye kuta hizo. Pumba za mpunga, magunzi ya mahindi na makapi ya miwa nayo hufaa kwa kazi hiyo.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1785 mkemia Johann Tobias Lowitz, aliyefanya kazi nchini Urusi, alibaini kuwa mkaa huondoa rangi katika vimiminika. Katika Vita Kuu ya Kwanza, vifuu na kokwa za matunda vilitumika kutengenezea mkaa wa vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu.

Anayepuuza maji machafu hupoteza maji na riziki pamoja. Mwezi Januari 2011, Mahakama Kuu ya Madras nchini India iliamuru viwanda vya kutia rangi vya mji wa Tiruppur vifungwe, kwa sababu ya kuuchafua mto Noyyal. Wafanyakazi wakajikuta hawana kazi, na mto ulikuwa umekwisha kuharibika.

Hata hivyo, tusidanganyike. Mkaa wa jikoni hauna nguvu ya mkaa amilifu. Tena, tumezoea kuyatambua maji kwa rangi, ladha na harufu, lakini maji ya batiki yaliyotakata rangi bado yaweza kuwa na kostiki soda, ambayo mkaa hauiondoi, nayo huunguza ngozi na macho. Maji hayo si ya kunywa wala ya kupikia. Na vitundu vikishajaa, mkaa huo hauchuji tena. Usitupwe ovyo, kwani umebeba rangi ile ile.

Tunawashauri akina mama wa vikundi vya batiki waanze na lililo karibu: rangi iliyobaki itie kitambaa kingine, na maji ya mwisho yasimwagwe karibu na kisima. Kisha wachangishane, wawaendee wataalamu wa maji, wapate chujio la pamoja linalolingana na kazi yao. Riziki ya nyumba moja isiwe madhara ya nyumba ya pili.