Puli ya Mashine ya Posho: Ununue, Ukerezewe au Uchonge Mwenyewe?

Mkanda wa mashine ya posho ukianza kulia na kunuka mpira ulioungua, wengi hukimbilia mkanda mpya. Zima mashine, vua mkanda, utazame puli kwanza. Sakafu ya mfereji ikiwa imesuguliwa hadi inang'aa, ujue mkanda umezama: haushiki tena kwenye kuta za mfereji, unateleza. Kuweka mkanda mpya hapo ni kutupa pesa.

Kwa mwenye mashine hapa Mukuyuni, njia ni nne.

Ya kwanza ni puli iliyo tayari, ya chuma cha kusubu. Iulizie Wote na Machakos kabla ya kupanda gari la Nairobi. Inadumu, na mfereji wake umekatwa sawa. Gharama iliyojificha iko kwenye tundu la katikati: mara nyingi ni dogo kuliko shafti yako, au halina nafasi ya kii. Uliza kabla ya kulipa kama bei inajumuisha kutoboa na kukata kii.

Ya pili ni kukerezewa na fundi wa leti. Ndiyo njia ya anayetaka saizi isiyopatikana dukani. Mpelekee puli ya zamani, kipimo cha shafti na mkanda wenyewe. Mkanda wa V wa saizi ya B una upana wa milimita 17 juu. Wa A una 13. Ukikaa vizuri, mgongo wake unalingana na ukingo wa puli na tumbo haligusi sakafu. Kabla ya kumaliza salio, puli izungushwe mbele yako. Ikiyumba, itakumalizia beringi.

Ya tatu ni alumini iliyomiminwa kwenye mchanga na mafundi wa jua kali. Ni nyepesi, na kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini, lakini ni laini. Vumbi lenye mchanga huila upesi. Inafaa mashine ndogo ya kukatia ng'ombe majani. Kwa posho ya kila siku, usiitegemee.

Ya nne, kwa mashine nyingine ndogo na si ya posho, ni puli ya meno, ukiichonga nyumbani kwa mashine ya CNC inayoongozwa na kompyuta. Hesabu yake si ngumu: zidisha idadi ya meno kwa umbali kati ya jino na jino, upate mzingo. Meno 20 ya milimita 2 ni mzingo wa milimita 40, yaani kipenyo cha 12.7 kwenye mstari wa mkanda. Ugumu uko kwenye kisu. Kona za meno madogo kama hayo zinataka kisu chembamba, nacho kinapaswa kushuka upana wote wa puli. Kisu chembamba na kirefu huvunjika haraka. Ukihitaji puli moja au mbili, nunua zilizo tayari. Ukiagiza ng'ambo, pigia hesabu usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na tozo za uagizaji.

Ndiyo maana nasema usihamishie mashine ya posho kwenye meno. Msumari ukiingia na magunia, mkanda wa V huteleza na kuipa mota nafuu. Wa meno hunyofoka meno.

Sasa piga hesabu nzima. Tuchukue mfano, nawe uweke bei zako. Puli ya Nairobi ni shilingi 1,500, nauli 1,200, na mashine imelala siku mbili kwa hasara ya 800 kila siku: jumla 4,300. Fundi wa karibu anataka 3,000, nauli 400, siku moja 800: jumla 4,200. Bei iliyoonekana mara mbili imegeuka kuwa nafuu.

Usikubali saizi ya kukaribiana. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika, yenye puli ya milimita 200, huzungusha puli ya 100 mara 2,880. Ukiuziwa ya 90, mizunguko inapanda hadi 3,200, na nyundo za kusagia ndani ya mashine zinaumia.

Uamuzi wangu: ukipata ya chuma cha kusubu yenye saizi yako Wote au Machakos, inunue leo. Ukiikosa, mpe kazi fundi wa leti wa karibu. Mikanda ikiwa miwili, ibadilishe yote pamoja, maana mpya ukifungwa na mkuukuu hubeba mzigo peke yake.