Makanika akikuambia ‘tuitoe tu, sitakuchaji’, uliza maswali haya kwanza

Umeweka akiba miaka mitatu, ukakopa kidogo kwa sacco, na hatimaye umepata Vitz yako ya kwanza. Miezi michache baadaye, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Unaipuuza, kwani gari si linatembea? Kisha unaanza kuona halivuti ukipanda mlima, na mafuta ya wiki yanaisha Alhamisi.

Unaingia gereji. Makanika anajipenyeza chini ya gari, anagonga ekzosi kwa spana, na unasikia kitu kikicheza ndani kama njugu kwenye kopo.

“Bosi, katalitiki imekufa. Mpya ni bei. Wacha tuitoe tu, gari itapumua. Na hiyo kazi sitakuchaji.”

Tulia hapo kwanza. Mtu akijitolea kukufanyia kazi ngumu bure, jiulize analipwa na nani.

Katalitiki ni ile sehemu ya ekzosi iliyovimba, kati ya injini na mafla. Ndani yake kuna kitu kinachofanana na sega la nyuki, chenye vijitundu vingi vidogo. Moshi wa injini ukipita humo, gesi zenye sumu, mojawapo ikiwa kaboni monoksaidi inayoweza kuua, hugeuzwa kuwa mvuke wa maji, naitrojeni na kaboni dayoksaidi. Kazi hiyo hufanywa na madini matatu yaliyopakwa kwenye sega: platinamu, paladiamu na rodiamu.

Madini hayo ndiyo yanayopandisha bei. Mengi huchimbwa Afrika Kusini na Urusi, nayo ni adimu kuliko unavyodhani. Mwaka 2021, bei ya rodiamu ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja, zaidi ya mara 10 ya bei ya dhahabu wakati huo. Imeshuka sana tangu hapo, lakini gramu chache zilizo kwenye katalitiki moja bado ni pesa. Ndiyo maana Marekani na Uingereza wezi huingia chini ya magari yaliyoegeshwa na kuikata kwa dakika chache, na Toyota Prius ni mojawapo ya magari wanayoyapenda sana.

Sasa rudi kwa makanika wako. Akiitoa, anapasua kopo, anachota sega, kisha analichomelea tena likiwa tupu. Ukichungulia chini utaona kila kitu kiko mahali pake. Sega linaenda kwa wanunuzi wa katalitiki kuukuu, na wewe unaondoka ukishukuru kwa kufanyiwa hisani. Si mafundi wote wako hivyo, lakini usipouliza, huwezi kujua wako ni yupi.

Na kwani gari likikaa bila hiyo kitu kuna noma gani? Iko. Kwanza, taa ya injini itaendelea kuwaka, kwa sababu kompyuta ya gari hutumia kihisi cha oksijeni kilicho nyuma ya katalitiki kukagua kama moshi umesafishwa. Taa ikishazoeleka, siku injini itakapokuwa na tatizo jingine kubwa hutajua. Pili, moshi utanuka na kuwasha macho, na wanaouvuta ni mama mboga wa kando ya barabara, mwendesha boda aliye nyuma yako kwenye foleni, na wewe mwenyewe iwapo ekzosi ina tundu. Tatu, Kenya ina kanuni za ubora wa hewa, ambazo zinaweka viwango vya moshi wa magari.

Lakini kosa linalowamaliza wengi ni lingine kabisa: kununua katalitiki mpya bila kuuliza ile ya kwanza iliuawa na nini. Hiki ni kifaa ambacho kwa kawaida huweza kudumu zaidi ya kilomita 150,000. Mara nyingi hakifi chenyewe. Plagi au koili ikichoka, petroli isiyoungua hutoka kwenye injini na kwenda kuungulia ndani ya katalitiki, joto linapanda mpaka sega linayeyuka. Injini inayokula oili nayo hulipaka masizi mpaka linaziba. Na kuna wale wanaoruka matuta kama wako kwenye Safari Rally. Sega ni kauri, likigongwa linapasuka.

Ukifunga mpya huku plagi bado ni mbovu, umelipia kitu ambacho kitaungua tena. Plagi nne ni bei ndogo sana ukilinganisha na katalitiki, ambayo hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na kwa baadhi ya magari hupita hapo mbali.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa chapaa, fanya hivi.

Gari lipimwe kwa mashine, na uombe kuona nambari ya hitilafu kwa macho yako. P0420 inamaanisha kompyuta inaona moshi hausafishwi vizuri. Haisemi moja kwa moja kwamba katalitiki imekufa. Kihisi kibovu au tundu kwenye ekzosi vinaweza kuleta nambari hiyo hiyo, na kuvirekebisha ni nafuu zaidi.

Taa ya injini ikianza kumetameta badala ya kuwaka tu, usilazimishe safari. Hiyo kwa kawaida ni ishara kwamba injini inakosa moto na katalitiki inaungua sasa hivi. Egesha, piga simu.

Ikithibitika imekufa, una njia tatu. Ya kampuni iliyotengeneza gari ni ghali ila inadumu. Iliyotumika, kutoka kwa magari yaliyofunguliwa Japani, ni nafuu, lakini lazima uimulike kwa tochi uone sega ni zima, halijaziba wala kuyeyuka, na itoke kwa gari la injini kama yako. Mpya ya bei rahisi huwa na madini kidogo, kwa hivyo usishangae taa ikirudi mapema. Yoyote utakayochagua, omba risiti na udai kuandikiwa muda wa dhamana.

Mwisho, sema mapema, kabla gari halijapandishwa jeki: “Ile kuukuu naenda nayo.” Ni mali yako hata kama imekufa. Ukiamua kuiuza, uliza bei kwa mnunuzi zaidi ya mmoja, na utakachopata kipunguze gharama ya nyingine. Usiiuze kwa mtu wa kificho. Biashara ya vyuma vikuukuu nchini inahitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 2015.

Makanika mwaminifu hatakasirika ukiyasema haya. Atakuwekea kwa buti na kukuonyesha plagi zilizochoka. Akianza kukuzungusha na kukuharakisha, chukua funguo zako, mshukuru, na utafute gereji nyingine.