Mchaichai Ukambani: Jani Kwanza, Mafuta Baadaye

Katika maboma mengi ya Kitui na Makueni, mchaichai haupewi shamba. Kishina kimoja huchomekwa karibu na jiko, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, na hapo hustawi. Majani mawili matatu yakifungwa fundo na kutiwa kwenye sufuria, chai ya rangi imepata kiungo. Je, nyasi hii inaweza kuwa zao la biashara? Inategemea unauza nini: mafuta au jani kavu.

Harufu yake hutokana hasa na sitrali, ambayo kwa kawaida ni asilimia 65 hadi 85 ya mafuta yake. Mafuta hayo yana bei, ila ni haba: tani nzima ya majani mabichi hutoa takribani kilo mbili hadi tano tu. Kuyapata kunataka mvuke, yaani kuni za kuchemshia na maji ya kupozea. Hapo ndipo hesabu inapogoma. Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa Januari 2018 ili kunusuru miti. Kuni za kuchezea haina. Na maji yaliyochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, yakabebwa na punda, yana kazi za haraka zaidi.

Jani kavu lina nafuu. Mbegu hainunuliwi: shina hupasuliwa, na kila kipande chenye mizizi hupandwa mvua za vuli zinapoanza, Oktoba au Novemba, kwani ndizo zinazotegemewa zaidi huku. Panda kwenye kingo za matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu), ambako mizizi itashika udongo na mtaro utahifadhi unyevu. Baada ya miezi minne hadi sita, kata sentimita 10 hivi juu ya ardhi, shina lichipue tena. Anika kivulini, jua kali hufukuza harufu ileile unayotaka kuiuza.

Kuhusu tiba, tupunguze chumvi. Maabarani, mafuta yake huua baadhi ya bakteria na kuvu. Lakini utafiti wa Brazil uliochapishwa 1986 haukuona chai yake ikiwaletea watu usingizi wala kuwaondolea wasiwasi. Kwa hiyo pakiti iandikwe "chai", isiandikwe "dawa ya presha", na mgonjwa asiache vidonge vyake. Mtambo wa mafuta usubiri hadi kikundi kiwe na maji na kuni za miti kiliyoipanda chenyewe.