Kuthamini Chapa za Mapigano ya Majini na Kumbukumbu za Vita

Mwenye chapa ya zamani yenye picha ya manowari, au nishani ya vita vya 1914-1918, huanza kwa kuuliza bei. Swali hilo huja kabla ya wakati wake. Kinachotangulia ni kujua kitu chenyewe kinashuhudia nini, na kama kuna kinachothibitisha ushahidi huo.

Chapa husomwa kuanzia pembezoni. Nyingi za Uingereza za karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 zilichapwa kwa bamba la shaba, na uzito wa mtambo uliacha alama ya kingo za bamba hilo karatasini, kidole huihisi. Chini ya picha, neno la Kilatini pinxit hufuata jina la mchoraji, na sculpsit jina la mchongaji. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1735 ilitaka pia jina la mwenye haki na tarehe vichongwe kwenye bamba. Msomaji mwenye haraka huishia hapo. Lakini tarehe hiyo ni ya bamba, wala si ya karatasi, na bamba liliweza kutunzwa na kuchapwa tena miaka mingi baadaye. Kwa hiyo karatasi huinuliwa kwenye mwanga. Ikiwa picha ya mapigano ya Trafalgar ya 1805 ina tarehe ya 1806, ilhali alama ya maji iliyomo karatasini inasoma 1820, chapa ni halali, ila si ya toleo la kwanza, na bei hushuka. Lenzi ikionyesha vitone vidogo vilivyojipanga kwa safu, hiyo ni nakala ya mtambo wa baadaye, hata kama fremu ni ya kale. Na aliyepunguza kingo ili picha ienee katika fremu amekata ushahidi wenyewe.

Kwa nishani kazi ni ngumu zaidi, na hapa suala linazigusa nyumba za Kongo. Mwaka 1915 mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilivutwa nchi kavu kupitia Katanga hadi Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani; tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Force Publique iliingia Tabora. (Anayeuza chuma akidai ni mabaki ya Graf von Götzen, iliyozamishwa 1916, na ashukiwe: meli hiyo iliopolewa mwaka 1924, ikatengenezwa na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.)

Nishani ya vita ya Uingereza ya miaka hiyo huwa na namba na jina la askari ukingoni. Inaweza kupotea sokoni miaka themanini, na bado ikamtaja mwenyewe. Nishani za Ubelgiji kwa kawaida hazikuandikwa jina. Neno nishani, lenye asili ya Kiajemi, maana yake ni alama. Ile ya askari Mkongo haionyeshi ni alama ya nani isipokuwa hati yake, kijitabu chake cha utumishi au picha yake vipo pamoja nayo. Mnunuzi anayechukua shaba na kuacha karatasi huacha sehemu kubwa ya thamani nyumbani, naye muuzaji hulipwa bei ya kitu kisicho na mwenyewe. Jina la askari huyo nalo huondoka.

Kabla ya mapatano yoyote, basi, nishani isisuguliwe, kwa maana utando wa miaka mingi ni sehemu ya ushahidi. Utepe wake wa asili usibadilishwe, hata ukiwa umechakaa. Hati zisitenganishwe nayo. Ikiwa hati hazipo, wazee wa ukoo waulizwe jina la askari, kijiji chake, kikosi chake na mahali alipopigana. Maelezo yao yaandikwe pamoja na tarehe na jina la msimulizi. Maandishi hayo hayachukui nafasi ya hati ya zamani, lakini humpa mtafiti mahali pa kuanzia katika nyaraka za jeshi.