Fahamu: Tetesi za Windows 12
Tangu Microsoft ilipoitoa Windows 11 tarehe 5 Oktoba 2021, hazikukoma tetesi za kwamba Windows 12 i karibu kudhihiri. Lakini miaka ya 2024 na 2025 ilileta masasisho ya mfumo ule ule, yaitwayo 24H2 na 25H2. Msomaji asistaajabu, kwani mwaka 2015 mtumishi mmoja wa kampuni hiyo alitamka hadharani kuwa Windows 10 ndiyo ya mwisho, na baada ya miaka sita ikaja ya 11.

Lenye uzito kuliko uvumi ni hili: Windows 11 ilishurutisha kompyuta iwe na TPM 2.0, yaani sehemu ya kuhifadhi funguo za siri, hata mashine nyingi nzima, zenye kuandika barua na kupiga hesabu bila taabu, zikakataliwa. Nami naiona hiyo kuwa dhuluma kwa wenye kipato haba.

Basi, ewe msomaji, usitoe fedha zako kwa ajili ya tetesi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, utazame kwanza mashine uliyo nayo imejaaliwa nini.