Uchafu wa Bahari Una Alama Yake

Kabla hatujajua kuandika, wengi wetu tulikuwa tunatia dole gumba kwenye karatasi. Dole la mtu halifanani na la mwenzake. Je, mnajua kwamba hata uchafu wa baharini una alama yake?

Mvuvi hukuta madonge ya lami ufukweni, au husikia harufu ya choo. Akiuliza nani kachafua, kila mtu hukana. Wenye meli husema, "Siyo sisi, bwana." Wenye mabomba ya mjini husema, "Hicho kinyesi cha ng'ombe tu." Hapo ndipo wataalamu hutafuta alama.

Tuanze na choo. Katika utumbo wa binadamu mna bakteria wanaogeuza kolesteroli kuwa kitu kiitwacho koprostanoli. Kitu hiki hutoka pamoja na kinyesi. Bakteria wa kinyesi hufa upesi kwa jua na maji ya chumvi, lakini koprostanoli hushikamana na tope na kubaki. Mtaalamu huchota tope na kulipima. Na ng'ombe je? Yeye hula majani, kwa hiyo kinyesi chake huwa na alama nyingine nyingi zaidi. Zikilinganishwa, ng'ombe hasingiziwi.

Sasa mafuta. Mafuta ya petroli yana vitu viitwavyo hopani, yaani mabaki ya bakteria wa kale sana. Jua na mawimbi haviyamalizi upesi. Tena mchanganyiko wake hutofautiana kati ya mafuta ya mahali pamoja na pengine.

Tutoe mfano. Tarehe 24 Machi 1989, meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba huko Alaska, Marekani. Ilimwaga mafuta ya Alaska yapatayo lita milioni 40. Baadaye wataalamu walipima lami ya fukwe zile. Kumbe, madonge mengine yalikuwa na alama za mafuta ya California! Wataalamu walieleza kwamba tarehe 27 Machi 1964 tetemeko la ardhi lilivunja matangi ya lami mjini Valdez, na lami hiyo ilikuwa imeletwa kutoka California. Meli ilikuwa na kosa kubwa, lakini si kila donge lilikuwa lake.

Basi sisi wa pwani tufanye nini? Tukikuta lami tusiishike kwa mkono. Tuchukue donge kwa kijiti, tulitie katika chupa safi ya kioo. Tusitumie mfuko wa plastiki, maana plastiki nayo ina kemikali zake, na alama zitachanganyika. Juu ya chupa tuandike tarehe, saa na mahali. Kisha tuipeleke upesi kwa ofisa uvuvi.

Kuandika tumejifunza. Tukuitumie kulinda bahari yetu, ili mwenye kosa ajulikane na asiye na kosa asionewe.