Matoleo ya Wakala wa Akili Mnemba

Wachapaji hutofautisha chapa na toleo. Kitabu kikipigwa chapa tena bila kubadilishwa neno, hiyo ni chapa nyingine ya toleo lile lile. Lakini yakitiwa maneno mapya, au yakisahihishwa yaliyokosewa, hilo ni toleo jingine. Ndivyo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilivyofuatwa na toleo la pili mwaka 2004. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba watengenezaji wa mawakala wa akili mnemba wana haja ya tofauti hiyo kuliko hata wachapaji, kwa kuwa kitabu hakibadiliki chenyewe kikiwa rafuni.

Kwa neno “wakala” twakusudia programu ya kompyuta inayotumia modeli ya lugha kuamua la kufanya, na iliyopewa zana za kutendea kazi, mathalani kusoma kalenda au kupeleka barua. Toleo la programu ya kawaida ni maandishi yake tu, na mabadiliko ya maandishi hayo huwekwa katika daftari kama Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Toleo la wakala, kinyume chake, ni mambo matano yaliyofungwa pamoja: maandishi ya programu, modeli, maelekezo anayopewa, zana zake, na nyaraka anazozirejea. Likibadilika moja, hata kwa sentensi moja ya maelekezo, limezaliwa toleo jipya.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu. Ofisi moja ilikuwa na wakala wa kupanga miadi, nami niliombwa kupitia maelekezo yake ya Kiswahili. Alifanya kazi vyema kwa miezi kadhaa. Kisha siku moja watu walioomba miadi ya saa tatu asubuhi waliandikiwa saa tisa za usiku. Modeli ilikuwa imeisoma saa yetu kwa hesabu ya Kizungu. Hakuna aliyegusa herufi moja ya programu. Baadaye ikajulikana kwamba modeli ilikuwa ikiitwa kwa jina lake la jumla, na wenye modeli walikuwa wameweka mpya nyuma ya jina lile lile. Wala haikuwezekana kurudi nyuma, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeandika ile ya awali ilikuwa ipi.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuitaja modeli kwa jina lenye tarehe yake, pale wenye modeli wanapolitoa, na kuyaweka mambo yote matano chini ya namba moja. Desturi ni tarakimu tatu, kama 2.4.1: ya kwanza hupanda mabadiliko yanapovunja yaliyozoeleka, ya pili jambo jipya linapoongezwa, ya tatu kosa linaposahihishwa. Kila tendo la wakala liandikwe pamoja na namba hiyo, ili kosa likitokea ijulikane ni la toleo gani.

Sharti la pili ni mtihani kabla ya kutoa. Maswali yale yale yaulizwe toleo la zamani na jipya, tena kila swali mara kadhaa, maana modeli huweza kulijibu swali moja kwa namna mbili. Lakini mtihani hugundua lile tu ulilouliza. Tarehe 25 Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ilitoa toleo jipya la modeli yake GPT-4o, ambalo lilikuwa limefaulu mitihani yake. Baada ya siku chache ikaliondoa, kwa kuwa liliwasifu watu kupita kiasi. Baadaye kampuni ilikiri kwamba kosa hilo halikuwa na mtihani wake. Hata hivyo iliweza kurejesha lililotangulia, kwa sababu lilikuwa limehifadhiwa.

Sharti la tatu ni kutoa kwa hatua. Toleo jipya lipewe kwanza sehemu ndogo ya watumiaji, huku la zamani likiendelea. Na mazungumzo yaliyoanza na toleo moja yamalizike nalo. Ikumbukwe pia kwamba kurejesha toleo hakufuti matendo. Miadi iliyokwisha kuandikwa saa tisa za usiku hubaki pale mpaka mtu aisahihishe. Kwa hiyo yafaa wakala mpya asipewe kwanza zana ambazo kazi yake haitanguki.

Msomaji atauliza: haya yawahusuje wana-Kiswahili? Yawahusu sana. Wakala aliyefaulu kwa Kiingereza hakuthibitisha lolote juu ya Kiswahili, na fundi asiyeijua saa yetu hatakumbuka kuiuliza. Swali la saa tatu asubuhi lilipasa kuwamo katika mtihani wa kila toleo, na pamoja nalo maswali ya shikamoo na marahaba, ya juzi na mtondo, ya shemeji na wifi. Kuyakusanya maswali hayo ni kazi yetu, na tusipoifanya, kosa litaonwa kwanza na yule aliyefika ofisini saa tatu asubuhi na kukuta jina lake halimo.